Kinini Hakijui Kama Umefunga

Nimezaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Nikiona sufuria imefunikwa, mkono unawasha. Nadhani ndiyo sababu kituo cha afya hapa Baraka kilipotafuta mtu wa kumtembeza mgeni, kilinichagua mimi, mwalimu wa biolojia. Mgeni alikuwa mtafiti wa dawa kutoka Bukavu, mwanamke mwenye kicheko cha ghafla. Alitaka kujua wagonjwa wa sukari wanavyochemsha mubirizi, ule mmea mchungu unaoota nyuma ya nyumba zetu.

Nilifurahi, maana nyumbani nilikuwa na mgonjwa wa sukari wangu mwenyewe: mama.

Mama alikuwa kiongozi wa wanawake waombezi, na Ijumaa zilikuwa zimempa heshima mpya. Siku hiyo wanafunga. Kila mara, mchana, katikati ya maombi, jasho lilimtoka, akatetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Wenzake walimfunika kitenge na kuimba kwa nguvu zaidi, wakisema Roho amemshukia. Watu walipanda mtumbwi kutoka Kazimia kuja kuombewa naye. Aliamka jioni tu, walipomnywesha uji wa kufungulia.

Mimi niliogopa, kwa sababu kila Ijumaa alizidi kuchelewa kuamka. Muuguzi alimpima Jumatatu, akaona sukari iko sawa. Na mama mwenyewe alinijibu kwamba biolojia haifiki mbinguni.

Alhamisi moja nikamleta mtafiti nyumbani. Hakuuliza habari za ugonjwa. Aliomba kikombe cha yale maji ya mubirizi, akanywa, akakunja uso wote. Mama akacheka, akampenda hapohapo. Wakaongea juu ya majani: mabichi au makavu, yanachemka mpaka lini, nani alimfundisha. Nilikuwa nikishangaa jinsi mtu msomi anavyoweza kukaa na jani moja asubuhi nzima bila kuchoka.

“Na siku gani unakunywaka mingi, mama?” akauliza.

Mama akaanza kupanga majani upya. Kwetu anayefunga hasemi kwamba anafunga. Injili inaagiza anawe uso na kujipaka mafuta ili watu wasijue, na mama alikuwa hajamwambia hata muuguzi. Lakini maongezi yalikuwa yamenoga, ulimi ukateleza.

“Siku ya Ijumaa. Ile siku nakunywaka mubirizi na kinini yangu.” Kwetu kidonge chochote ni kinini.

“Na chakula?”

“Mutu anafunga, mama! Majani si chakula.”

Mtafiti akaweka kikombe chini. “Kinini haijui kama unafunga. Inashusha tu sukari, hata kama hauna kitu mu tumbo. Inaweza kushuka mpaka unaanguka, mpaka unakufa. Mubirizi nayo labda inaongeza. Ile ndiyo natafuta, sijajua bado.”

Mama alisema kesho atafunga vilevile, akasimama, akamsindikiza mgeni kwa ndizi na heshima zote. Njiani mtafiti akaniuliza ukumbi wa maombi uko wapi.

Kesho yake tulikaa mlangoni pa ukumbi, yeye na chupa ya maji ya sukari kwenye mkoba. Mama alianguka kabla ya adhuhuri. Mtafiti aliinama, akahakikisha kwamba bado anameza, akaanza kumnywesha kidogo kidogo. Ukumbi ulilipuka.

“Munamuua! Mutu wa sukari, munamupa sukari!”

Mwanamke mmoja alimvuta mtafiti gauni mpaka likachanika. Nikapiga kelele kwamba dawa ya moto ni moto. Mama akafumbua macho, akanitazama.

“We ni nani?”

Mdomo ule umenigombeza tangu nimezaliwa. Nililia kama mtoto. Mtafiti akaendelea kumnywesha, na baada ya muda macho ya mama yakarudi mahali pake.

“Mbona unalia mbele ya batu? Funga kitambaa ya kichwa vizuri.”

Sijawahi kugombezwa kukawa kutamu hivyo.

Siku zilizofuata mama alikataa hata kusikia habari za mgeni. Nikamweleza alichoniuliza pale chini. Hakuwa anakumbuka. Alinifanya nirudie, kisha akaingia chumbani. Ijumaa iliyofuata alikunywa uji mbele yetu sote, akaenda kusimama mbele ya waombezi wenzake.

“Roho wa Mungu haiwezi kunisahaulisha mutoto yangu,” akasema. “Ile ilikuwa sukari. Mi nilikuwa nakufa, na sisi wote tulikuwa tunaimba.”

Wengine walikasirika. Watu wa Kazimia hawakuja tena, na kiongozi wa waombezi sasa ni mwingine. Nilimwona mama akirudi nyumbani peke yake, yeye aliyezoea kusindikizwa. Niliumia, na nilijivuna.

Siku hizi muuguzi humuuliza kila mgonjwa wa sukari, hata anayeshuka kutoka Minembwe, “Unafungaka?” Ukumbini kuna chupa ya maji ya sukari kando ya ngoma. Mama naye Ijumaa anakula, ila anafunga maneno mpaka jioni. Nyumbani tunauombea mfungo huo uendelee.

Juzi mtafiti alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa chini. Nilimuuliza kwa pupa habari za mubirizi, akasema bado hana jibu. Wakubwa wake walikuwa wamemuuliza utafiti wake umebadilisha nini, naye hana dawa mpya ya kuwaonyesha. Hakujua awaambie nini.

Ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa karibu yangu akimenya mihogo, na simu yangu inasikika nyumba nzima. Hakuinua kichwa, wala hakungoja jioni.

“Umuambie abaambie mi niko.”