Barabara Tambarare Inayomchanganya Celestine

Saa moja asubuhi, Celestine Mirumbe anasimama kando ya barabara, mwendo mfupi kabla ya kufika Kendu Bay, akiishika baiskeli yake kwa mkono mmoja. Lami ni laini. Hakuna kona, hakuna shimo, hakuna tuta. Upande wa kushoto ziwa linaonekana nyuma ya mashamba ya mtama, na upepo bado haujaanza.

Anatazama mbele, kisha anageuka kutazama alikotoka.

"Hapa niliandika ni salama," anasema. "Hebu angalia wewe mwenyewe. Ungeandika nini?"

Mwandishi wa makala haya anaangalia na haoni cha kuandika.

Celestine, mwenye umri wa miaka 38, ni mkaguzi wa njia za mashindano ya baiskeli. Kazi hiyo ni ngeni kiasi kwamba majirani zake mjini Migori, ambako ana kibanda cha kutengeneza baiskeli, bado wanadhani ameajiriwa na wajenzi wa barabara na humuuliza lami itafika lini kwao.

Waandalizi wa mashindano ya wiki tatu yanayopangwa kuzunguka eneo la Ziwa walimkabidhi hatua ya kumi na sita, yaani kipande kimoja cha siku moja. Inaanzia Ntimaru, karibu na mpaka wa Tanzania, inapita Migori na Rangwe, na kuishia Kendu Bay, umbali wa kilomita mia moja na hamsini hivi. Alitakiwa aipite, aichunguze, kisha aseme kama inafaa. Akiikataa, waendeshaji watapitishwa kwingine, na kaunti za Migori na Homa Bay zitayatazama mashindano kwenye televisheni tu.

Njia hiyo anaijua kwa miguu yake. Alizaliwa Ntimaru na kujifunza baiskeli akipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, huku miguu ikifikia pedali kwa shida. Alipokuwa msichana alibeba abiria hadi mpakani, mpaka pikipiki zilipokuja na kuwachukua abiria wote. Baadaye alishindana kwa miaka kadhaa, goti likamwambia basi, naye akageukia spana.

"Nilifikiri kukagua njia ni kutafuta mahali pabaya," anasema. "Unaona hatari, unaiandika, unaendelea. Sasa sijui tena natafuta nini."

Aliyechora njia hiyo ni Byron Nyabuto, anayefanyia kazi yake Kisumu mbele ya kompyuta yenye ramani za milima. Byron anasema mashindano marefu hayafanani na ya siku moja. Ugumu ukiwekwa wote wiki ya kwanza, mshindi anajulikana mapema na waliobaki wanasindikiza tu.

"Wiki ya tatu lazima iwe na swali," anaeleza Byron. "Mtu amechoka, anaongoza kwa sekunde chache, halafu unamwonyesha kitu kigumu. Hapo ndipo mashindano yanapoamuliwa."

Kitu kigumu alichokichagua ni mteremko wa changarawe baada ya Rangwe. Ni mkali, una kona mbili zinazofuatana, na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Celestine alipouona alimpigia simu Byron papo hapo.

"Byron, hapa utaua mtu."

"Tuweke watu wa bendera?"

"Bendera haishiki baiskeli."

Walibishana siku nzima. Mwishowe walikubaliana mteremko ubaki, lakini kona zote mbili zizungushiwe marobota ya nyasi kavu na changarawe ifagiliwe mapema. Celestine aliushuka kwa baiskeli, akaushuka tena kwa miguu, akipiga magoti kupima kina cha mifereji. Kutoka hapo hadi Kendu Bay, anakiri, alipita haraka. Barabara ilikuwa nzuri na jua lilikuwa kali.

Mwezi uliopita waandalizi walileta kundi la waendeshaji wa eneo hili kuijaribu njia nzima, hatua baada ya hatua, kama mashindano yenyewe. Miongoni mwao alikuwemo Jeff Mwikwabe, kijana wa miaka 23 kutoka Kuria Mashariki, ambaye wengi wanamtazamia kupata nafasi katika mojawapo ya timu za mashindano hayo mwaka huu.

Siku ya hatua ya kumi na sita, Celestine alisubiri chini ya mteremko wa Rangwe, mikono kifuani. Walishuka mmoja mmoja, wamejaa vumbi, breki zikilia. Hakuna aliyeanguka. Jeff alikuwa wa tatu, akampungia mkono.

"Nilimshukuru Mungu," anakumbuka Celestine. "Nikaingia kwa gari nikiwa nacheka. Nikamwambia dereva, sasa kazi imeisha."

Karibu na Kendu Bay walikuta watu wamekusanyika. Jeff alikuwa ameketi ndani ya shamba la mtama, ameshika bega, baiskeli imelala mbele yake. Mtulinga, mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika.

Celestine alitafuta sababu. Hakuna gari lililompita. Hakuna ng'ombe aliyevuka. Gurudumu halikupasuka. Alirudi nyuma kwa miguu akitafuta alama ya breki kwenye lami, na hakuipata.

Phelesia Awuor, anayeanika omena, dagaa wa ziwani, karibu na hapo, aliona kila kitu, na maelezo yake yalizidi kumchanganya.

"Alikuwa anakuja tu vizuri," anasema Phelesia. "Nilimsalimia, hakuitika. Macho yake ilikuwa wazi lakini yeye hakuwa hapo. Kisha akaacha barabara polepole akaingia kwa mtama, kama mtu anaingia kwake nyumbani."

Siku chache baadaye Celestine alikwenda kumwona Jeff kwao. Mama yake, Kezia, alimkaribisha, akampa kiti na uji, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu ameumizwa na nani?"

"Niliona hata nikisema hakuna mtu, nitakuwa kama nadanganya," anasema Celestine.

Jeff mwenyewe alijibu kutoka kitandani.

"Sikuanguka, dada. Nililala."

"Ukiwa unaendesha?"

"Kwa ule mteremko niliogopa, kwa hivyo nilikuwa macho. Nilipofika chini nikaona barabara imenyooka, nikasema sasa nimefika. Baada ya hapo sikumbuki."

Jibu hilo ndilo linalomrudisha Celestine kwenye kipande hiki cha lami tena na tena.

"Nikiondoa mteremko, labda hatachoka sana, hatalala," anawaza kwa sauti. "Ama bila ule mteremko wa kumshtua, angelala mapema zaidi, tena mahali pa malori. Kila nikishika upande mmoja, ule mwingine unanivuta."

Byron naye hana raha. Alifikiria kuhamisha njia ipite kwenye vijia vyenye kona ili waendeshaji wakae macho. "Halafu nikajiuliza, naweka hatari ili niondoe hatari?" anasema. "Barabara haijabadilika. Aliyebadilika ni mtu. Na mimi mtu sijui kumchora."

Kwenye mkutano wa waandalizi uliofanyika Homa Bay, Celestine alitakiwa kutoa uamuzi.

"Madam, barabara ni nzuri ama ni mbaya?" mmoja wa waandalizi alimuuliza.

"Ni nzuri."

"Basi tuipitishe."

"Jeff aliumia kwa hiyo nzuri," akajibu. "Sisemi ndiyo, na sisemi hapana. Bado."

Wapo waliokasirika. Wapo waliosema aletwe mkaguzi mwingine. Hatimaye alipewa muda hadi mwisho wa mwezi ujao, na kwa muda huo ameomba jambo moja ambalo goti lake halilipendi: kuendesha mwenyewe hatua zote kumi na tano za kwanza, siku baada ya siku, kisha aingie ya kumi na sita. Ataanza Jumatatu. Byron atamfuata kwa gari.

Jeff, mkono ukiwa bado umefungwa, amempigia simu kumshauri ale hata kama hasikii njaa.

Celestine anajua hatakwenda kasi ya vijana. Anasema kasi haitaki. Anachotaka ni uchovu wao.

"Mimi nilikagua hapa nimelala vizuri, nimekunywa chai," anasema, akiipandisha baiskeli kwenye lami. "Barabara niliyoona mimi si ile Jeff aliona. Nataka nifike hapa nimechoka kama yeye, kisha niangalie tena. Labda hapo nitasema ndiyo, labda hapana. Na kama nitasema sijui, basi angalau nitakuwa nimefika mahali penyewe kabla ya kusema."