Mchicha Ulioota Juu ya Mafuta

Jamani, leo nimemfokea mtu aliyekuwa ananiokoa.

Mnakijua kile kiwanja kitupu nyuma ya jengo letu hapa Mount Dennis? Mchicha umejiotea humo, majani mapana kama kiganja. Wenyeji wa huku ughaibuni wanaona magugu. Mimi niliona mboga ya jioni, maana binti yangu ni mjamzito na hamu yake ni mchicha tu.

Uzio ulikuwa wazi. Nikaingia na mfuko wangu.

Mfuko umefika nusu, mara jamaa wa kofia ngumu anakuja mbio. "Mama, acha hizo mboga!"

Nikawaka. "Zimejiotea zenyewe, wewe inakuwasha nini?"

Akasubiri nimalize. (Nilichukua muda.) Ndipo akanieleza taratibu: hapa palikuwa na kituo cha mafuta, matangi yalivujia ardhini miaka mingi, na wao wamekuja kuuchimba udongo wote na kuuondoa kabla nyumba hazijajengwa.

Nikaumwaga mchicha wote palepale.

"Ulikuwa wa binti yangu," nikamwambia, "ana mimba."

Hakunicheka. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na chakula chake cha mchana. Kufungua, mchicha! Na samaki wa chumvi! Kumbe ni Mjamaika, kwao pia wanaula, na mama yake anaupanda uani.

"Hata mama yangu angeuchuma huu," akasema. Akanikabidhi bakuli zima.

Binti yangu amelamba hadi mfuniko.

Kesho nampelekea pilau. Mwenye hotpoti kubwa aniazime, tafadhali. Mtu ameshinda njaa kwa ajili ya mjukuu ambaye hata mimi bado sijamwona.