Mshono Niliojisifia

Ndugu zangu, chekeni tu. Karakanani kwetu Kahama imeletwa mashine ya kuchomelea kwa leza, nami nikapewa kuziba ufa wa karasha la Mama Kulwa, linalosaga mawe ya dhahabu. Mwanga ulipita kimya, ukaacha mshono ulionyooka kama wa cherehani. Mdomo ukaniponza: “Mama, huu ndio mkono wa fundi!”

“Mkono una baraka huu, baba! Kazi zangu zote utafanya wewe,” akasema, akiwaita watu waje kushangaa.

Mtaalamu aliyeileta mashine akabonyeza kioo cha mashine. Ikatokea mistari miwili.

“Mkono ukiyumba, mashine inarekebisha yenyewe,” akaeleza. “Ulionyooka ni wa mashine. Huu mwingine ndio mkono wa fundi.”

Mama Kulwa akainama, akautazama. “Mayu wane, mama yangu! Mbona kama mkojo wa ng'ombe anayetembea?”