Ngoma Niliyomnyima Mke Wangu

Mke wangu alizikwa mwezi wa pili. Mwezi wa tano mwalimu wa muziki wa chuo kikuu alifika kijijini kwangu Masafu, karibu na mpaka wa Kenya, akaniomba niwafundishe wanafunzi wake ngoma ya msiba. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Nilidhani mama huyu amekosea nyumba.

"Sikukosea, mzee," alisema. "Miaka mingi nimewafundisha watoto hawa nyimbo za Ulaya kana kwamba huku kwetu hakuna muziki. Nimechoka. Wewe utakuwa mwalimu, mimi nitakaa na wanafunzi."

Nilikubali kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno.

Na kweli alikaa. Darasani kule chuoni aliketi mkekani kati ya wanafunzi, daftari magotini. Yeye ni mtu wa magharibi ya nchi yetu, baadhi ya wanafunzi ni Wakenya, kwa hiyo tuliongea Kiswahili chetu cha mpakani. Vijana watatu walijaribu ngoma, wakavurugika mahali pale pale ambapo kila mtu huvurugika, pale mkono wa kushoto unapotakiwa kuchelewa kidogo. Kisha msichana mmoja akasimama.

"Mzee, na mimi naomba."

"Kaa chini, wewe," mwenzake akamwambia. "Utatuletea msiba wa kweli."

"Msiba ni hiyo mikono yako."

Wakacheka. Mimi nikasema kwetu mwanamke haigusi ngoma hiyo.

Mwalimu aliinua macho. Nilijua msimamo wake: darasani kwake hakuna anayeachwa nje. Lakini alikuwa ameniahidi pia kwamba hapo mwalimu ni mimi. Nilimwona akihangaika.

"Amua wewe, mzee," alisema mwishowe.

"Akae."

Akakaa. Ila vidole vyake viliendelea kupiga juu ya paja, na mkono wa kushoto ukachelewa kama inavyotakiwa.

Wiki nzima niliviwaza vidole vile. Jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu ni hili: pale panapomvuruga kila mtu, mimi pia paliniwia pagumu tangu ujana. Aliyenirekebisha ni mke wangu. Nikifanya mazoezi uani, yeye jikoni alipiga ungo kwa kiganja mpaka nikapatia. Watu walinisifu kwenye mazishi ya vijiji vingi, naye alikuwa amekaa na akina mama wenzake, kimya. Siku ya kumzika nilikosea pale pale, nikaendelea kukosea mpaka tukamaliza.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele yao nikawaambia hayo yote. Mwalimu aliacha kuandika.

Yule msichana akauliza, "Kwa hiyo mama hakuipiga hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Hakuomba?"

"Aliomba mara moja. Nilimwambia, watu watasema nini?"

Mwalimu hakunisaidia, wala sikutaka anisaidie. Nilijua habari ya nilichotaka kufanya itafika Masafu kabla yangu, na kwamba huenda wazee wasiniite tena kwenye msiba. Sikujisikia shujaa. Nilisikia uchovu, basi.

Nikaisukuma ngoma mbele ya yule msichana, nikamwambia avue bangili, maana zinachubua ngozi ya ngoma.