Majina Yangu Mjerumani

Mimi nina jina la Mjerumani. Si jina la ubatizo, ni lile la nyumbani, ambalo kwetu Waluba wa Kasai ndilo jina lenyewe. Babu yangu alikuwa askari wa Wabelgiji katika vita vya kwanza vya dunia. Alitembea kwa miguu mpaka Tabora, na huko akapewa mfungwa wa kulinda, Mjerumani aliyekuwa mgonjwa. Yule mtu akamfia mikononi. Babu alirudi na kitabu kidogo cha askari cha yule Mjerumani, karatasi kadhaa zilizofungwa katika kipande cha turubai, na jina. Jina akampa mwanawe mmoja, na mtoto akafa. Alikaa kimya miaka mingi, hadi nilipozaliwa mimi pale Musonoi, Katanga, kusini mwa Kongo, katika nyumba ya kampuni ya migodi iliyowatoa wazee wetu Kasai. Akanipa mimi. Walipomuuliza sababu alijibu, "Ni mutu wangu," na hakuongeza neno mpaka tunamzika.

Mgeni anaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ni yule mtu. Yeye ni majina yako, ndivyo tunavyomwita somo. Kuna kitoto cha shangazi yangu chenye jina la babu, nami nilikiita babu na kukiamkia kwa heshima hata kilipokuwa kinakojoa kitandani. Tabia ya mwenye jina inakuja nalo, bahati yake inakuja, na mikosi yake pia. Sasa mimi nilikuwa nimebeba nini? Shuleni walinipigia saluti na kuniuliza bunduki nimeiacha wapi. Niliwajibu kwa matusi, maana mdomo ninao, tukacheka.

Kicheko kiliisha alipokufa mwanangu wa kwanza. Nilikuwa nimempa jina hilo. Surua ndiyo iliyomchukua, na hospitali ya kampuni, ambayo zamani haikukosa kitu, ilikuwa imebaki na vitanda na kalenda ukutani. Jirani yetu, mama mmoja kutoka kaskazini ya Katanga, ndiye aliyemwosha, kwa sababu mke wangu hakuweza kusimama. Mimi nilisema surua. Mke wangu alisema jina.

Alipopata mimba tena alinijia nikiwa nanyoa ndevu.

"Baba ndiye anatoa jina, najua," akasema. "Lakini batoto babili bamekufa na ile jina. Huyu hautamupa, mpaka uniambie ule muzungu alikuwa mutu wa namna gani."

Nilikasirika, nikatoka na povu usoni, nikabamiza mlango. Nilifika barabarani hasira ikapoa. Alikuwa na haki. Na mimi mwenyewe nilitaka kujua. Jina ni langu, jamani!

Parokiani kulikuwa na padri mzee, mzungu, ambaye mama yake alikuwa Mjerumani. Nilimpelekea lile furushi. Nafasi nilikuwa nayo tele: mashimo ya mgodi wa Mashamba yalikuwa yanajaa maji, malori yamelala, na mshahara ulikuwa habari ya kusimuliana. Basi mchana nilikaa mbele ya meza yake, yeye na kioo chake cha kukuza maandishi, mimi na papara zangu. Mwandiko ulikuwa wa kizamani, hata yeye alihangaika nao.

"Alikuwa fundi wa matandiko ya farasi," akasoma.

"Vizuri. Mutu mwema?"

"Haijaandikwa. Amechanjwa ndui."

"Endelea, tata padri."

"Amepewa buti. Amepewa blanketi. Amelala zamuni, akafungwa siku tatu."

Hapo nilifurahi sana, na mke wangu nilipomwambia jioni alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kweli, huyo ni weye," akasema. Mama jirani alisikia kutoka upande wake wa ukuta, akapiga kelele kwamba mzungu mlalaji hana ubaya, tumpe mtoto jina la mtu anayejua kupumzika.

Wiki zilizofuata tulisoma homa, hospitali, buti nyingine. Nikaanza kuchoka. Nilidhani karatasi za vita zitasema mtu aliua nani, alimwokoa nani, alilia wapi. Kumbe jeshi linaandika viatu!

Wakati huo redioni wakubwa walikuwa wanasema Wakasai warudi kwao. Kwao wapi? Kasai sijawahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Vijana wakaanza kupita wakituita bilulu, yaani wadudu. Kiti changu pale magazini, ghala la kampuni nilipokuwa karani wa vipuri, nilikikuta asubuhi moja kinakaliwa na mtu mwingine, akanisalimu bila kuinua macho. Nilikwenda parokiani siku hiyo hiyo, na padri akaniuliza kama kweli nataka kuendelea. Nikamwambia asome tu, maana mimba haingojei siasa.

Zilibaki zile karatasi zilizokunjwa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaivaa tena. Mjerumani wangu alikuwa amepewa kuongoza msafara wa wapagazi. Kila jioni aliandika mizigo iliyofika: sanduku la risasi, gunia la mchele, kiti cha kukunja cha kapiteni wake. Aliandika kwa uangalifu mkubwa, na karibu kila jioni mizigo ilitimia. Chini yake aliandika kwamba wapagazi wamepungua, waletwe wengine.

"Bale balipungua namna gani?" nikauliza.

"Walikufa. Au walikimbia. Hasemi."

"Majina yao?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

Padri akapekua karatasi zote upya, mbele na nyuma, akatikisa kichwa. Hakuna mahali alipoandika kuwa amempiga mtu. Hakuna mahali alipoandika kuwa amemhurumia. Nikamuuliza kwa sauti ya juu, kama vile kosa ni lake: basi babu yangu alimpendea nini? Akasema karatasi zinaishia kabla ya Tabora, na mambo ya hao wawili yalibaki kwao. Nilimwachia lile furushi, nikaondoka bila kuaga.

Mke wangu nilimweleza yote, hata kile kiti cha kapiteni. Alisikiliza akichambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Kabla mimba haijatimia walitutoa. Vijana waligonga milango ya mtaa mzima mchana kweupe, tukabeba tulichoweza, tukaenda gare, stesheni ya treni. Treni haikuwepo. Tulilala chini, familia kwa familia, majuma na majuma, na watoto wakaanza kuhara. Treni zilipokuja, wasimamizi walitugusa vichwa kwa fimbo, wakatuhesabu mpaka behewa lijae, kisha wakafunga. Jina langu hakuna aliyeliuliza. Nilisimama pale nikajua mwandiko ule ulikuwa unaonekanaje kwa anayehesabiwa pamoja na mizigo. Nilimchukia yule Mjerumani, nikamwonea aibu, maana ni mimi.

Mama jirani alikuja kila siku na sufuria ya bukari, ugali wetu, kichwani. Vijana walimzomea kwamba anapelekea bilulu chakula, naye aliwajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku uchungu ulipomshika mke wangu, ndiye aliyefukuza wanaume, akazungusha vitenge vyake, akampokea mtoto. Msichana. Kwetu jina halichagui mume wala mke, kwa hiyo swali lilikuwa palepale.

Mke wangu aliniangalia. Hakuomba kitu. Wazee waliokuwa karibu wakasogea, kama inavyotakiwa, wamsikie baba. Nilijua nikisema jina jingine, lile alilonipa babu linaishia kwangu, na yule mtu wake hatakuwa na mahali tena hapa duniani. Nikamchukua mtoto, nikataja jina la mama jirani.

Wazee walinong'ona: mtu wa Katanga, leo, hapa gare? Mke wangu alifumba macho, machozi yakamtoka, akasema aksanti. Mama jirani alikuwa anaosha mikono. Aliacha maji yamwagike, akaja akamtazama mtoto, kisha akatazama behewa letu lililokuwa limeshafunguliwa.

"Eh, majina yangu," akamwambia. "Basi leo na mi bananifukuza."

Akaenda akapanga mstari pamoja nasi, mpaka fimbo ilipomgusa kichwa na kumhesabu.