Tamu, Mashallah

Mzungu aliyenunua nyumba inayopakana ukuta na ya Mama Mkubwa wangu alikuja Lamu kutafuta Mashariki. Aliniambia mwenyewe, siku ya kwanza tuliyokutana mlangoni, na mkono ameuweka kifuani. Nikamwambia kwamba ukitazama ramani, sisi tuko ukingo wa magharibi wa bahari hii, na kama ni Mashariki atakayo basi amekosea upande. Akacheka, akaniambia hiyo nayo ni hekima ya Mashariki.

Alikuwa na orodha yake. Kwao watu wana haraka, wabinafsi, husema lolote linalowajia mdomoni. Kwetu kuna subira, heshima na ujamaa. Hatukumkatalia. Nani atakataa kusifiwa kwenye daka, kibarazani pa nyumba yake? Lakini akiondoka tulimteta mpaka mbavu zikauma. Mwanamke huyu alikuwa akinitumia ujumbe kwa simu kuniuliza kama anaweza kuja kumuona Mama Mkubwa Alhamisi saa kumi, na kati yao hakuna ila ukuta mmoja. Alikula mlango umefungwa. Alimhurumia kila punda aliyepita na mzigo, wala hakuwahi kumhurumia aliyemswaga. Mimi ni mwalimu, na mzaha juu yake niliufikisha hadi kwenye chumba cha walimu.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, na tangu mama afariki ndiye aliyebaki kuwa mama. Kila Ijumaa baada ya Alasiri jamaa wote hukusanyika kwake kunywa chai ya hiliki na tangawizi kwa mahamri. Chai ile ilikuwa fahari yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mnywaji; kikombe chake alikishika kwa ajili ya harufu ya hiliki tu. Ijumaa moja, siku chache baada ya Maulidi, nilipiga funda la kwanza na ulimi wangu ukajikunja. Ilikuwa chumvi. Nikamtazama mjomba, ndugu yake Mama Mkubwa. Alikuwa amekiinamia kikombe chake kama anayesoma khitima. Akameza, akasema, "Tamu, mashallah."

Basi wote tukasema tamu, mashallah.

Kwetu mtu mzima hafedheheshwi. Aibu yake husitiriwa, na neno hilo, sitara, nimelisikia tangu nikinyonya. Kwa hiyo tulimsitiri. Ijumaa nyingine ilikuwa sukari, nyingine chumvi, kwa sababu makopo yake mawili yanafanana na yeye alikuwa akichagua kwa kubahatisha. Alianza kupapasa ukuta akienda msalani. Alilitolea salamu buibui lililotundikwa, akaliuliza habari za watoto. Binti wa mjomba akamgeuzia kanzu aliyoivaa nje ndani, kimyakimya. Mjomba akabuni njia yake: alimwaga chai kwenye chungu cha mrihani kilichokuwa karibu naye. Mrihani ukakauka. Mama Mkubwa akausikitikia sana, akasema ni hasadi ya watu, na sisi tukaitikia kwamba kweli, watu wana hasadi.

Tukimuuliza hali alijibu alhamdulillah, nasi tukaridhika na alhamdulillah ile. Hakuna aliyemuuliza habari ya macho. Tukaenda hivyo mpaka Maulidi nyingine ikakaribia.

Ndipo Mama Mkubwa akamwalika jirani. Akaja saa kumi kamili, tuliokuwapo tulikuwa wawili watatu, akakaa akatungoja kama aliyekuja kwa daktari wa meno. Tulipotimia, chai ikamiminwa. Jirani akapiga funda, akalitema ndani ya kikombe, mbele ya watu.

"Hii ni chumvi," akasema, kwa Kiswahili chake cha darasani.

Mjomba akainua sauti: tamu, mashallah.

"Si tamu. Ni chumvi. Bibi, wewe huoni. Kwa nini hawakupeleki kwa daktari?"

Mama Mkubwa akanigeukia mimi, au tuseme aliugeukia mto uliokuwa kando yangu. "Asema nini?" akauliza.

Mgeni alikuwa amesema Kiswahili kinachoeleweka na mtoto wa chekechea. Bado nikamfasiria. Nikasema anasema chai yetu ni tofauti na ya kwao.

Jirani alipotoka tulimchambua. Watu gani hawa, wasio na haya, wanaowatupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee kisha wanakuja kutufundisha kulea? Aliyesema kwa ufasaha zaidi nilikuwa mimi. Mama Mkubwa alikuwa bado palepale. Alikuwa ameshika kikombe chake, anakinusa.

Asubuhi yake jirani alipiga hodi bila miadi, akamshika mkono Mama Mkubwa na kumpeleka hospitali. Nilifuata nyuma kwa kuona haya watu wasije wakasema. Daktari akamulika macho yote mawili. Mtoto wa jicho, akasema, na la kulia litapasuliwa lione. La kushoto lilikuwa limeshaharibika ndani. Lingeletwa miezi michache nyuma lingepona. Akauliza kama nyumbani hakuna aliyegundua. Nilitazama chini, nikajibu kwamba mgonjwa wetu si mtu wa kulalamika. Hata pale nilikuwa nasitiri, ila safari hii nilijisitiri mwenyewe, na niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Jicho la kulia likapona. Ijumaa ya kwanza baada ya kufunguliwa bandeji tulijaa wote, na jicho lile moja likatuzunguka mmoja mmoja, likitukagua nani kanenepa na nani kazeeka. Alimimina chai mwenyewe bila kumwaga tone. Kisha akakaa mbele yetu, kikombe chake mapajani, hajakigusa.

Nilipiga funda. Ilikuwa chumvi, nyingi kuliko siku zote.

Mjomba akameza. "Tamu, mashallah," akasema. Binti yake akafuata, na wakwe, na wengine wote kwa zamu. Nilikuwa wa mwisho. Nilijua kinachofanyika, na nilijua la kusema, na nikasema tamu.

Mama Mkubwa akaweka kikombe chini.

"Leo nimetia chumvi kwa jito langu," akasema, kidole kwenye jicho lililopona. "Na mwaka mzima muliyua."

Kweli, tulijua. Aliinuka, akachukua birika la pili lililokuwa limefunikwa kwa kitambaa, akatoka bila kugusa ukuta. Tukamsikia akipiga hodi kwa jirani, mlango ukafunguka, vikombe vikalia. Baada ya muda kidogo sauti ya jirani ikapenya ukutani, akilalamika kwamba Bibi ametia sukari nyingi sana. Mama Mkubwa akaangua kicheko.

Sisi tukamaliza vikombe vyetu.