Leo wameniitikia "Amina" kwa sala ambayo sikuiomba

Asubuhi mama mumoja wa Luberizi alituletea mutoto kwenye kituo cha afya. Amehara siku mbili, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Ilifaa apate serumu haraka, maji ya kuingiza kwenye mshipa.

Binti yetu wa staji, anayejifunza uuguzi kwetu, alichoma mara mbili, akakosa mshipa.

"Mama, siuoni!" akaniambia.

"Hata minye siuoni. Nipishe."

Nikaweka kidole kwenye mukono wa mutoto, nikafunga macho.

Miaka ya kwanza nilitafuta kwa macho tu, nikachoma watoto bure, Mungu anisamehe. Siku hizi kidole kinatembea chenyewe, polepole, na kelele zote zinaenda mbali, kama niko chini ya maji ya ziwa. Halafu kinakuta kitu laini, kinachorudi ukikibonyeza.

Hapo.

Nikaingiza sindano. Serumu ikaanza kudondoka.

"Amina!"

Kufungua macho, wamama wote wa chumba wameinamisha vichwa. Hata binti wa staji!

Haya ikanishika. Nikamwambia mama wa mutoto:

"Nisamehe dada, sikuwa naomba. Nilikuwa natafuta mshipa."

Akanitazama, machozi yanamushuka, anacheka.

"Weye tafuta mshipa. Kuomba ni kazi yangu."

Wauguzi wenzangu, na nyinyi munafungaka macho?

Saa nane nilimubeba mutoto, akanikojolea sare yote. Wa kuhara akikojoa, ujue maji yamemurudia.

Sijabadilisha nguo mpaka sasa.